Alama ya Kujumlisha

Juzi, katika chumba cha kompyuta cha chuo ninakofanya kazi hapa Bukavu, mwenzangu aliandika xhost +, amri inayofungua skrini yako kwa kila mtu. Nilipomwambia afute, alicheka, akiniita maman kama mwanamke yeyote mzima huku kwetu: "Maman, tuko watu ya nyumba moja." Rafiki yangu, damu ilinichemka. Maneno hayo nayachukia tangu nikiwa na miaka kumi na miwili.

Shuleni kwetu tulikuwa na mashine moja kubwa ya Unix na skrini sita zilizounganishwa nayo. Kila asubuhi nilizipangusa vumbi, mikono ikinuka mafuta, kwa kuwa alfajiri nilikuwa nikimsaidia maman, mama yangu mzazi, kukaanga beignets, maandazi ya kwetu. Mtaa mzima ulikula beignets zake, za moto, na chai ya maziwa, mvua ikipiga mabati.

Mwalimu wa kompyuta alikuwa mvivu, namsema wazi. Kila mwanafunzi alipaswa kuwa na ufunguo wake, faili la siri linalozuia wengine wasiguse skrini yake. Funguo zilipogoma, mwalimu hakutafuta kosa. Aliweka ile alama ya kujumlisha, basi, mlango wazi kwa wote. Alituambia kwamba sisi ni watu wa nyumba moja, hatufichani kitu. Nasi tukampigia makofi, wajinga sisi.

Mwaka ule maman alilazwa hospitali ya Katana kwa kifua kikuu. Bibi, mama yake, alituonya kwamba ugonjwa wa nyumba husemwa ndani ya nyumba, na majirani wakaambiwa maman ameenda msibani. Mimi nikamwandikia barua kwenye mashine: usirudi, maman, mpaka kifua kipone kabisa. Binti wa jirani alikaa skrini ya mwisho, mbali nami. Hakuinuka hata kidogo. Kwa amri moja aliipiga picha sehemu ya skrini yangu yenye barua, ikamtokea kwenye skrini yake, akasoma yote.

Maman alirudi amepona, na karatasi ya daktari mkononi. Akakaanga. Nilipeleka sahani kwa jirani kama kawaida, lakini hakuipokea.

"Rudisha kwa maman yako," alisema. "Umwambie na sisi tunangoja mupaka kifua ipone kabisa."

Yalikuwa maneno yangu mwenyewe. Kufikia Jumapili hakuna aliyegusa beignets za maman, na karatasi ya daktari hakuna aliyetaka kuisoma. Nilienda kwa mwalimu nikilia. Hakuinua hata macho.

"Mutoto, siri haiandikwaka mu mashine ya watu," alinijibu. Kesho yake aliweka alama ileile.

Laiti yangeishia hapo. Maman alitafuta aliyetoa siri, akaona ni bibi, maana mtu mzima gani mwingine alijua? Aliacha kumsalimu. Bibi aliapa, akalia, asiaminiwe. Wakaishi hivyo chini ya bati moja, na mimi katikati yao nikipitisha sahani, nikiogopa kusema kwamba ni barua yangu.

Juzi nilimsukuma mwenzangu pembeni, nikaandika xhost - mwenyewe, amri ya kufunga. Amenuna hadi leo, na anune.

Bibi tulimzika miaka mingi iliyopita, na maman hakutupa udongo kaburini. Sasa maman ni mzee, karai lake la kukaangia limekuwa la kufulia nguo. Kila Jumapili naenda kumwona, na kila Jumapili narudi sijamwambia.