Seti Iliyojaa Ishara Zote

Sijawahi kumpenda, na sitaanza leo. Alikuwa bosi wangu katika chumba cha redio cha hospitali ya misheni, nje kidogo ya Mpanda mjini, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Programu tuliandika wawili tu: yeye aliyeletwa kutoka Dar, na mimi niliyekwenda Dar kusoma nikarudi kwetu.

Programu yetu ilipokea ujumbe wa zahanati kwa redio, ikajibu "imepokelewa", ikaushika hadi jioni kwenye kumbukumbu, ile inayofutika umeme ukikatika. Hapo iliuchapa, na dereva wa hospitali akajua safari zake za alfajiri. Tatizo lilikuwa dizeli. Jenereta ilizimwa kila adhuhuri, na fundi wake alikuwa na desturi ya kupepesa taa mara mbili kabla ya kuzima. Daktari akiona anaharakisha mshono, anayepiga pasi anachomoa waya. Kompyuta haina macho. Umeme ukikatika, ilibaki kwenye betri dakika chache, ikaipa programu ishara ya kumaliza kazi, nayo ikaandika kila ilichoshika kwenye diski.

Ishara za namna hiyo ziko nyingi; unazikusanya kwenye seti, yaani orodha moja, halafu unaiambia mashine: zilizomo humu zisubiri mlangoni, programu isizisikie. Mimi nilianza na seti tupu, nikatia moja tu, ile ya mtu anayebonyeza vitufe ili kusimamisha programu. Asubuhi moja muuguzi wa hapo hospitalini akaisimamisha kwa bahati mbaya, kwa njia nyingine. Bosi akafura, akajaza seti ishara zote, akazizuia zote.

"Bosi, umezuia hata ile ya umeme."

"Nyie watu wa huku mmezoea kuingiliwa-ingiliwa kazini. Iache ifanye kazi kwa utulivu."

"Isiposikia, kompyuta itaiua kabla haijaandika kitu. Ishara ya kuua haizuiliki."

"Nani bosi hapa?"

Akabadilisha neno la siri ili nisiiguse. Mwenye nguvu mpishe, husema watu. Nilimpisha huku nikisaga meno kwa hasira.

Asubuhi hiyohiyo muuguzi wa zahanati ya Ikola alituma ujumbe: kuna mama mwenye mimba ya mapacha, amevimba miguu na uso, afuatwe kesho. Mama huyo alikuwa dada yangu. Mashine ikajibu imepokelewa, wala hakuna mtu aliyeusoma. Adhuhuri taa zikapepesa, umeme ukakatika. Ishara ya kumaliza ikaja, ikasubirishwa mlangoni. Kompyuta ikangoja kidogo, ikaona programu haisikii, ikaiua. Jioni karatasi haikuwa na neno lolote la Ikola.

Kesho yake dada alikaa kando ya barabara na kifurushi chake. Lori la dagaa lilipita, dereva akamwita apande. Alikataa, akashukuru, akasema gari la hospitali liko njiani, wameshajibu. Kifafa cha mimba kilimkuta palepale. Tulimzika pamoja na wanawe.

Bosi alikuja matangani na sukari. Akakaa karibu na mama yangu, akamshika mkono.

"Ni mipango ya Mungu, mama."

"Amina, baba. Asante kwa kuja."

Nikaichukua ile sukari, nikamrudishia mapajani. "Mipango ilikuwa yako," nikasema. "Mungu mwache."

Mama akaniangalia kwa aibu.

"Mwanangu, mwombe radhi mgeni."

Ni mara ya pekee maishani nilipomkatalia mama.