Ugali Wake na Wangu

Januari 2008 nilimpoteza rafiki yangu wa benchi. Yeye alikaa Kibera, mimi Kawangware, humu Nairobi. Watu wakisikia mwezi huo hungoja nitaje panga, nami sina panga la kutaja. Alishikwa na uchungu wa kuzaa, barabara zimefungwa kwa ghasia za baada ya uchaguzi, hakufika hospitali. Mtoto pia hakupona.

Tulijuana kwenye benchi moja katika darasa la Kiingereza la wafanyakazi wa nyumbani, kila Jumamosi kanisani Kawangware. Mwalimu, mama mstaafu, alikuwa akitufundisha kulinganisha vitu viwili. Rafiki yangu hakuona kitu cha kulinganisha isipokuwa mimi.

"She is shorter than the door," alisema siku ya kwanza, akininyooshea kidole.

"Kuna nani hapa aliye mrefu kuliko mlango?" nikamuuliza.

"Nasema mlango wa kabati, dada."

Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka. Kweli mimi ni mfupi.

Kwao ni Magharibi mwa Kenya, ambako ugali mgumu ni heshima ya mtu. Kwetu ni Machakos, na kwake hilo lilitosha kunihukumu. "Her ugali is softer than my porridge," akasema wiki iliyofuata. Uji wake, yaani, ulikuwa mgumu kuliko ugali wangu.

Nikaruka: "My ugali is more harder!"

Mwalimu akagonga meza. "Harder peke yake. Hiyo more na hiyo harder ni wake wenza, usiwaweke nyumba moja."

"Afadhali hao, mwalimu," rafiki yangu akasema. "Ugali wa huyu ndio usiwekwe nyumba yoyote."

Masomo yaliporudi Februari, nilikaa peke yangu kwenye benchi. Mwalimu alisema kuanzia siku hiyo hatulinganishi watu, tutalinganisha sufuria. Hatukumuuliza sababu. Tulilinganisha sufuria mpaka muda ukaisha.

Baada ya darasa akaniita kando. Rafiki yangu alikuwa ameahidiwa kazi ya upishi, aianze akishajifungua, kwa mama mmoja mgeni, asiyejua Kiswahili. Mwalimu akaniuliza kama ningeenda mimi. Sikuwa na kazi tangu Desemba, na wanangu wawili walikuwa wakila kwa dada yangu. Nikaenda.

Yule mama alinipokea jikoni. Alikuwa ameambiwa kwamba aliyekufa alikuwa mpishi hodari. Akaniuliza kwa Kiingereza, polepole, kama mimi ni hodari kumzidi.

Jibu alilotaka nililijua, na kulisema sikushindwa. Lakini nilimsikia yule wa benchi akicheka.

"No," nikasema. "She was better than me. Her ugali was harder."

Mama akatabasamu, kisha akanitazama usoni, akaacha kutabasamu. Akainama, akafungua mlango wa kabati, akatoa sufuria na pakiti ya unga. Akaniambia nimpikie huo ugali auone.

Nikausonga kwa nguvu zangu zote. Ulitoka laini.

Aliula, akaniambia nirudi Jumatatu saa mbili asubuhi.