Mke wangu amenifumania na mshauri wa saikolojia

Leo mke wangu ameamini kwa dakika kumi kwamba nina mchepuko.

Ukweli ni kwamba nina wasiwasi unaoninyima usingizi, na kila Jumatano naongea na mshauri wa saikolojia kwa video. Nyumba yetu hapa mtaa wa Ng'ambo ni ndogo, kwa hiyo najificha stoo, kwenye madumu ya asali.

Leo nikasahau kufunga mlango.

Mke wangu, Mama Neema, akaingia, akaichukua simu mkononi mwangu.
"Dada, wewe ni nani kwa mume wangu?"

Mshauri akajibu kwa upole, "Samahani mama, siruhusiwi kusema."

Jamani. Kati ya majibu yote duniani.

Nikamsihi, "Mwambie tu."
"Ni vizuri umwambie mwenyewe."

Basi nikamwambia. Usingizi, moyo kwenda mbio, hofu ya kila asubuhi.

Akakaa juu ya dumu, akaniangalia.
"Miaka kumi na moja nalala pembeni yako, Baba Neema. Ukaenda kumwambia mtu wa kwenye simu?"



Wenye ndoa humu, mngejibu nini? Nijibuni haraka, bado amekaa hapo anasubiri.