Punje Ishirini na Tatu Njia ya Mgeta

Mwaka ule ulikuwa mwaka wa ugali wa njano, ule unga wa msaada ulioletwa na meli, ukiusonga unafanana na boga na ukiula unakaa tumboni kama mgeni asiyejua kuaga, na sisi wa Mlali tuliokuwa bado na maharage kidogo ndani ya chungu tulijiona matajiri kabisa. Ndio mwaka nilioaibika. Mimi nimeaibika mara nyingi (nimezaa watoto tisa, aibu naijua kwa jina na kwa ukoo), lakini aibu ya mwaka wa ugali wa njano ndiyo watu wananiuliza mpaka leo nikienda msibani, badala ya kumlilia marehemu wananifinya kiuno, “Mama Anjela, hebu tuambie ile ya mkubwa na kabichi.” Basi leo naisema yote, nipumzike.

Tulikuwa na chama chetu cha Landrova. Landrova tano, si mchezo: moja ya misheni aliyokuwa akiendesha mume wangu Kobelo, moja ya bwana shamba, moja ya zahanati, moja ya mwalimu mstaafu iliyokuwa haina milango, na moja ya Bwana Shomari, mfanyabiashara wa Morogoro Mjini, mtu wa mdomo mrefu kuliko gari lake. Kila Jumapili ya pili zilipanda pamoja njia ya Mgeta, zinapeleka chumvi na mafuta ya taa, zinateremsha mboga na wagonjwa, maana kabla ya hapo mgonjwa wa milimani aliteremshwa kwa machela, watu wanne mabegani, na mama mwenye uchungu wa kuzaa akifika Mlali anafika na mtoto mkononi au hafiki. Tuliapa machela isionekane tena njia ile. Kumbukeni kiapo hicho.

Sasa chama kabla yangu kilikuwa chama cha makelele. Jeki moja, kamba moja ya kuvutia, pampu moja, na madereva watano kila mmoja anasema kamba ilikuwa kwa mwenzake. Wakaniomba mimi nipange, si kwa sababu ya elimu (darasa la pili nilitolewa nikalee wadogo zangu), bali kwa sababu walinijua siogopi mwanaume. Nikapanga. Kamba inalala kwangu, chini ya kitanda. Gari la kwanza ni la Kobelo kwa sababu lina breki, la mwisho ni la mwalimu kwa sababu halina. Kila Alhamisi wanachama wote na majembe, kuzibua mitaro ya barabara kabla mvua haijaila, na asiyekuja gari lake halivutwi likizama. Bwana Shomari hakuja Alhamisi moja, Jumapili akazama mpaka kwenye bampa, tukampungia mkono. Alhamisi iliyofuata alikuwa wa kwanza, na jembe jipya.

Na abiria niliwahesabu kwa maharage. Kibuyu kidogo shingoni, ndani yake punje, kila kichwa punje yake. Tukisimama kupoza mashine watu wote wanashuka, akishuka anachukua punje, akipanda anairudisha, punje zikitimia kibuyuni ndipo napuliza filimbi na gari la kwanza linaondoka. Zisipotimia hatuendi. Walinibembeleza, walinitukana, padri mwenyewe siku moja alinyoosha saa yake mbele ya uso wangu, misa ya jioni inamngoja, nikamwambia, “Baba, sipigi filimbi mpaka punje zitimie.” Akakaa. Hatukuwahi kumwacha mtu njiani. Hata kuku wa mtu hatukuwahi kumwacha.

Shida yetu ilikuwa moja. Petroli ilikuwa ya taabu siku hizo, na ikifika saa nane mchana Jumapili gari lolote lisilo na kibali lilikuwa halina ruhusa kuwa barabarani mpaka kesho alfajiri. Sasa wewe upande Mgeta asubuhi, upakie, uteremke, saa nane hujafika Mlali? Tulikuwa tunakimbia kama wezi, na mara mbili tuliacha wagonjwa juu kwa sababu ya kukosa muda wa kuwasubiri wateremshwe kutoka majumbani kwao. Tusipopata kibali chama kinakufa, kila dereva alishasema. Tukaandika barua (aliandika mwalimu, nilisema mimi), na ofisi ya mkoa ikajibu kwamba atakuja mkubwa mmoja apande nasi, aone kama tuna mpango au ni wahuni wa magari, na akiridhika kibali atakuwa nacho mfukoni, atatukabidhi palepale Mlali mbele ya watu.

Akaja. Mtu mnene kiasi, kofia nzuri ya sufi, na mara tu aliponitazama akacheka, “Mama, mimi Mnyamwezi. Ninyi watu wa huku watani zangu. Ukinilisha vibaya nakudai kuku.” Mtu amekufungulia mlango wa utani, wewe unatakiwa uingie nao, umwambie Mnyamwezi hana tumbo la kuku, kazi yake kubeba. Mimi nikapiga goti, “Shikamoo, mkubwa wetu.” Na nilimzidi umri! Ndipo upumbavu ulipoanzia.

Tukapanda vizuri. Juu tulipokelewa kwa magimbi, maharage na kabichi za siagi, na yule ndugu, ambaye kama sisi wote alikuwa na wiki nyingi za ugali wa njano tumboni, alikula kwa uchungu wa mtu aliyeachwa na mke. Wakati wa kuteremka akatangaza kwamba atakuwa anabadili magari njiani, ayaone yote matano. Tukashuka nusu saa, tukasimama kwenye kijito kuweka maji kwenye rejeta. Watu wakapanga mstari, mmoja mmoja, mkono ndani ya kibuyu. Yeye naye akaja kwenye mstari. Akanyoosha mkono.

Nikaufunika mdomo wa kibuyu kwa kiganja.

“Wewe hapana, mkubwa wetu. Mtu kama wewe hahesabiwi kwa maharage.”

“Mama, hata mimi ni mtu.”

“Najua, lakini wewe ni mtu mwingine.”

Akainua mabega, akaenda zake. Jamani, uamuzi wenyewe ndio huo. Heshima tu. Mkono mmoja juu ya kibuyu kimoja.

Saa ilikuwa inakwenda. Punje zikarudi, nikazimwaga kwenye kanga nikahesabu, ishirini na tatu, zote, safi, nikapuliza filimbi kwa kifua chote. Kobelo aliona kiti cha mbele hakina mtu akasema moyoni, mkubwa amehamia kwa Shomari. Shomari akasema yuko kwa bwana shamba. Bwana shamba akasema yuko zahanati. Mwalimu hakusema kitu, alikuwa anaomba Mungu kwa sababu ya breki. Na dada mmoja, abiria wa Kobelo, aliyeona kile kiti kizuri kiko wazi, akaweka pale tenga lake la kabichi lisibingirike, na kofia aliyoikuta juu ya kiti akaivalisha kabichi ya juu ili isichafuke.

Mlali walikuwa wametungoja tangu saa tano. Ngoma, watoto wa shule na nyimbo, wazee wamevaa makoti kwenye jua lile. Tukaingia saa nane kasoro dakika kumi, magari matano kwa mpango, hakuna aliyempita mwenzake, na mimi nikaruka chini kutoka gari la mwisho, la mwalimu, kabla halijasimama vizuri, nikanyoosha kanga yangu, nikatembea mbele ya watu wote kama bibi harusi. Kwa mbali kofia inaonekana kwenye kioo, imetulia kwa heshima. Vigelegele vikaanza. Nikasema kwa sauti (nilikuwa nimeifanyia mazoezi jikoni wiki nzima), “Ndugu wananchi, hiki ndicho chama kisichoacha mtu!” Nikafungua mlango.

Kabichi iliyovaa kofia ikaanguka, ikabingirika, ikaja mpaka miguuni pa mwenyekiti wa kijiji.

Ngoma ilizimika kidogo kidogo, mpigaji wa mwisho alikuwa kiziwi. Mwenyekiti akaitazama kabichi. Akanitazama mimi.

“Mama Anjela, ndiye huyu?”

Jibu alikuwa nalo Shomari. Shomari lini amekosa? “Mpeni kiti jamani, ametoka mbali.”

Watu walicheka mpaka kuna waliokaa chini. Mimi nilikwisha rudi ndani ya gari, nampigia Kobelo mlango, geuza, geuza, tumfuate! Tukageuza. Tukafika kizuizi cha mti pale pa kutokea kijijini, askari akatoka na saa mkononi.

“Saa nane na dakika tatu. Kibali?”

“Kibali kipo, baba,” nikamwambia.

“Kiko wapi?”

“Anacho mkubwa.”

“Mkubwa yuko wapi?”

“Tumemwacha mlimani.”

“Basi nendeni mkamlete, awape kibali.”

“Ndiko tunakokwenda!”

“Na gari? Bila kibali?”

Akafunga mti wake. Na alikuwa sahihi, ndilo lililoniuma. Nikashuka, nikavua viatu, nikaanza kupanda kwa miguu, Kobelo nyuma yangu hasemi neno, na mume asiyesema neno ni mzigo mzito kuliko anayesema.

Tulipanda kama saa moja na nusu. Tulichosikia kwanza ni wimbo. Tukakunja kona, na pale mbele, inateremka taratibu, mabegani mwa wanaume wanne wa milimani, machela. Ile tuliyoapa haitaonekana tena. Juu yake mkubwa wetu, kichwa wazi, kifundo cha mguu kimefungwa kwa majani ya mgomba, mkononi ameshika gimbi la kuchoma. Alikuwa ameingia vichakani kwa haja yake (kabichi zile), akasikia filimbi yangu, akatoka mbio anafunga mkanda huku anaita, akateleza.

Nilipiga magoti katikati ya njia. Nilingoja matusi. Nilingoja aitoe ile karatasi aichane vipande vipande, wagonjwa wote wa Mgeta wabaki huko huko na chama kife kwa mkono wangu.

Akawaambia wabebaji wasimame. Akanitazama kutoka juu.

“Mtani,” akasema, “babu yangu alibeba pembe kutoka kwetu mpaka pwani, akapita chini ya milima hii hii, na hakuna aliyembeba hata siku moja. Leo mjukuu wake kabebwa na Waluguru. Kwa hilo nakushukuru.” Wale wanne wakacheka mpaka machela ikatikisika. Halafu yeye hakucheka tena. “Lakini ulininyima punje. Niliomba, ukaninyima, ukasema mimi ni mtu mwingine. Kibali hiki hapa mfukoni, na mfukoni kitakaa. Jumapili yenu ijayo nitapanda tena. Siku utakayonihesabu ndiyo siku nitakayokupa.”

Wiki mbili hizo siwaambii nilizipitisha vipi. Sokoni nikiuza kabichi watu wanaiamkia kabichi, “Shikamoo, mkubwa.” Madereva wakafanya kikao bila mimi, wakataka mwalimu ashike orodha kwa kalamu na karatasi, nikawaambia shikeni, lakini kamba iko chini ya kitanda changu na mimi ninalala juu yake. Wakaniachia safari moja tu.

Akaja, na mkongojo. Tukapanda, tukapakia, tukateremka, tukasimama kijito kile kile. Alinyoosha mkono, na safari hii nilichagua punje kubwa kuliko zote nikamwekea kiganjani mwenyewe. Watu wakapanda. Punje zikarudi. Nikahesabu kwenye kanga, kati ya ishirini na tatu moja haipo. Nikahesabu tena. Yeye amekaa kwa Kobelo mbele, kofia kichwani, anatazama saa.

“Twende mtani, inakaribia saa nane.”

“Sipigi filimbi mpaka punje zitimie.”

“Mimi nipo, huoni? Kama si mimi ni nani unayemngoja? Mimi ndiye mwenye kibali, nasema twende.”

Madereva wote watano wananikodolea macho, Kobelo anatikisa kichwa kunisihi, lakini nikasimama mbele ya bampa ya gari la mume wangu.

“Mnyamwezi, kazi yako kubeba, si kuamuru. Sipigi filimbi mpaka punje zitimie.”

Akanitazama sana. Halafu akafungua ngumi yake polepole, na pale kiganjani ilikuwa ile punje kubwa, alikuwa ameifinya tangu alipopanda, na chini yake karatasi imekunjwa mara nne, ina mhuri. Nikachukua punje kwanza, nikaitia kibuyuni. Kisha nikachukua kibali, nikakifunga kwenye pindo la kanga. Madereva wakapiga honi zote kwa pamoja, ya mwalimu haikulia.

“Haya basi mtani,” akasema huku anapangusa macho kwa kicheko, “umeshinda. Piga filimbi twende.”

Nikahesabu upya kwenye kanga. Ishirini na mbili. Wakati watu wanashangilia, Shomari alikuwa amejichotea punje tena na kuingia vichakani.

“Ah, Shomari!” akasema mkubwa. “Huyo aachwe, ana gari lake.”

“Sipigi filimbi mpaka punje zitimie.”