Nguo Nyeusi Kwenye Mashamba ya Maua

Mama alipokuja kunitembelea La Rochelle, mtaa wa Johannesburg, mwaka 2017, alikuja na nguo nyeusi tupu. Baba alikuwa amefariki zaidi ya miaka miwili nyuma. Katika ukoo wetu kule Bukavu, Kongo, mjane huvaa weusi mwaka mmoja, kisha dada wa marehemu humwogesha na kumvika kitenge kipya, watu wanakula, maisha yanaendelea. Lakini baba hakuacha dada aliye hai. Mwaka ulipotimia majirani walimletea mama kitenge, akakipokea kwa shukrani, akakikunja, akabaki vilevile. Alisema hajaogeshwa, na mjane hajiogeshi mwenyewe.

Mimi ni msusi. Kazi yangu ni kuwapendezesha watu, na mama yangu mzazi alikuwa akikaa mlangoni pa saluni yangu akiwa mweusi kuanzia kilemba hadi soksi. Wateja walinipa pole wakidhani msiba ni wa jana. Nilimbembeleza, nikamtania, nikanuna. Nilimshoneshea gauni la kitenge cha njano kwa fundi wa mtaa jirani wa Turffontein. Akamsifu fundi kwa mkono mzuri, kisha akalirudisha gauni kwenye mfuko wake. Ukaidi wangu sikuununua kwenye kiduka cha spaza, niliurithi. Nilichoogopa ni kwamba alikuwa karibu kurudi nyumbani, na akirudi na nguo zile hakuna atakayethubutu tena kumgusia habari hiyo. Angezikwa nazo.

Mteja mmoja Mkenya ndiye aliyenieleza kuhusu maua. Alisema baridi ikiisha, kaskazini mwa Cape Town nchi nzima hugeuka rangi mpaka kando ya bahari, na kuna gari linalowazungusha watu kutwa pamoja na kiongozi. Nikafunga saluni, nikampandisha mama basi la safari ndefu. Gauni la njano nililitia kwenye begi langu, nikanyamaza.

Kiongozi wetu alikuwa mama wa makamo mwenye kofia pana. Alizungumza Kiingereza, mimi nikawa mkalimani. Alitukataza mambo mawili tu, kukanyaga maua na kuyachuma. Tulipofika, wingu lilikuwa limetanda na maua yote yalikuwa yamefumba. Maua haya, akaeleza, hayafunguki mpaka yaone jua. Mama aliutazama uwanda wote ule wa kijani, akaniuliza kwa upole kama haya ndiyo tuliyoyafuata kutoka Johannesburg. Eish, nilitamani ardhi inimeze.

Kiongozi akashauri twende kwanza ufukweni, huenda jua likatoka baadaye. Palikuwa pazuri sana, mchanga mweupe na miamba mikubwa, na maji ya baridi ya kuuma. Sasa, mama amezaliwa kando ya Ziwa Kivu, na watu wa ziwa hawatishwi na maji. Alivua viatu na soksi, akashuka hadi ukingoni mwa maji, akaipa bahari mgongo, akainama kunawa miguu kama afanyavyo nyumbani. Ziwa letu hukaa pale ulipoliacha. Kiongozi akapiga kelele, nami nikapiga kelele, na mama akainua kichwa kututazama, akishangaa tunataka nini. Wimbi likamkalisha chini, likapita juu ya kilemba, likaondoka na kiatu kimoja.

Nilipomfikia alikuwa bado ameketi mchangani, maji yakimchuruzika puani, halii wala hacheki. Kiongozi alikuja mbio na taulo, akiomba radhi kana kwamba bahari ni mbwa wake. Mama hakumsikiliza.

"Ni nani alinisukuma?" akaniuliza.

"Hakuna mutu, mama. Ni maji tu."

Akafuta uso kwa viganja viwili, taratibu.

"Basi nimeogeshwa," akasema. "Leta ile nguo. Unawaza sikukuona ukiitia mu begi?"

Nilimvika nyuma ya mwamba, kiongozi akitushikia taulo kama pazia bila kujua tunafanya nini hasa. Kwa desturi hiyo si kazi ya binti, lakini siku hiyo nani angeuliza? Zipu ilinishinda kwa haraka yangu, na mama akanigombeza kwamba anapigwa na baridi. Niliona furaha ya kutaka kuruka.

Tuliporudi mashambani jua lilikuwa limetoka. Maua yalikuwa yamefunguka yote, ya rangi ya chungwa na meupe na ya zambarau, yameteremka hadi karibu na maji. Mama alitembea njiani ndani ya njano yake, na kandambili alizoazimwa na kiongozi, akiangalia sana asikanyage hata ua moja. Kisha akasimama. Baba alikuwa mkulima, mtu asiyeweza kuona ardhi wazi akakaa kimya.

"Baba yenu angekuwa hapa," akasema, "angeuliza hawa batu maharagi banalimaka wapi."

Akacheka mpaka akanishika bega asianguke. Nami nilicheka, machozi yakanitoka, kwa sababu ndivyo hasa baba angesema, na kwa sababu tangu tumzike sikuwa nimemsikia mama akimtaja isipokuwa kwenye sala.