Karatasi Niliyobandika Mlangoni

Sikwenda Gongoni kwa kupenda. Nilipelekwa na salamu. Mfanyakazi mmoja wa mashamba ya chumvi alikuja dukani kwangu Malindi kununua dawa ya mafua, na alipokuwa anatoka akageuka: "Daktari, Mama Kadzo wa kwetu akusalimu sana. Siku hizi atembea na mkongojo. Walimkata mguu." Mimi si daktari, ni muuza dawa, lakini huku kwetu koti jeupe hukupa cheo hicho bure. Nikamwambia amsalimu naye. Kisha nikaingia nyuma ya rafu, nikaketi juu ya katoni.

Mama Kadzo ni mgonjwa wa sukari. Kwao hakuna umeme, kwa hiyo insulini yake ilikuwa ikikaa kwenye friji ya duka langu, pamoja na za wagonjwa wengine wa mashambani. Kila boksi nililibandika plasta yenye jina la mwenyewe, na kichupa kikimwishia alikuja kuchukua kingine. Corona ilipofika pwani, maduka ya dawa yaliruhusiwa kufunguliwa, tena tuliombwa tusifunge. Lakini mteja mmoja alikohoa mbele yangu, nikakosa usingizi, na kesho yake nikaichukua familia yangu tukajificha kwa wakwe zangu Tezo. Simu nikaizima. Na ili nisionekane mwoga, nikabandika karatasi mlangoni: "Duka limefungwa kwa amri ya serikali."

Hakukuwa na amri yoyote. Niliporudi, umeme ulikuwa umeisha zamani na friji ilikuwa na joto. Nilitupa maboksi yote pamoja na majina yake, na sikumtafuta hata mtu mmoja.

Basi Jumapili moja, saa mbili asubuhi, niliondoka kwangu, mtaa wa Barani hapo Malindi, kwa pikipiki yangu. Mgongoni nilibeba chupa ya chai ya mke wangu yenye maji ya barafu, na ndani yake insulini niliyoifunga vizuri isilowe. Mke wangu aliniuliza nitamwambia nini huyo mama. Nikamjibu kwamba nitaona nikifika. Ukweli ni kwamba nilitumaini kumkuta hayupo.

Daraja la Sabaki nililivuka polepole, polepole kuliko ilivyohitajika. Maji yalikuwa mekundu kwa udongo wa bara. Kwenye njia panda ya Mambrui nilisimama kunywa kahawa ambayo sikuitaka. Muuzaji akaniuliza, "Safari ya wapi, sheikh?" Nikamwambia, "Gongoni, kumwona mgonjwa." Akaniombea kheri, akakataa malipo. Niliona haya nikamshukuru nikitazama kikombe.

Saa nne nilikuwa Gongoni. Marundo ya chumvi yalikuwa yanameta upande wa bahari hata macho yakauma. Mwendesha bodaboda alinielekeza: nyumba ya makuti, nje kuna mitungi miwili.

"Hodi!"

"Karibu! Ala, daktari! Karibu, karibu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kadzo, leta kiti cha mgeni!"

Alikuwa ameketi kwenye mkeka na mkongojo kando yake. Mguu wa kushoto uliishia chini ya goti. Mumewe, mzee Kazungu, aliniamkia kwa mikono miwili, kisha akachukua baiskeli yake. "Siwezi kumlaza mgeni njaa," akasema. "Ngoja nikamtafute samaki." Akaondoka kabla sijamzuia.

Nikamkabidhi Mama Kadzo ile insulini. Aliifurahia, akanionyesha mmoja wa ile mitungi: chungu ndani ya chungu, katikati mchanga uliolowa maji, dawa ikae baridi bila umeme. Nesi alimfundisha hospitalini, baada ya kukatwa. "Siku hizi nawawekea na wenzangu watatu," akasema. "Ningaliujua mapema."

Kisha akanihadithia bila hasira. Kampuni ya chumvi iliwasimamisha kazi yeye na wenzake, na kadi ya bima ikabaki plastiki tu. Kliniki ya sukari ilifungwa, wodi wakapewa wagonjwa wa corona. Benki nako waliingiza watu wachache wachache, mzee akaenda kutoa akiba yao, akashinda juani siku mbili asifike dirishani. Wakati huo kidonda alichokipata kwenye maji ya chumvi kilikuwa kinamla mguu.

"Nalikuja kwako mara tatu," akasema. "Nikaisoma ile karatasi yako. Nikasema, maskini, naye wamemfungia riziki yake. Mzee alitaka kukutukana. Nikamwambia koma, mtu wa watu hana kosa, ameamriwa."

Ningeweza kunyamaza. Chai ilikuwa mbele yangu na kila mtu alikuwa amekwisha kunisamehe. Lakini nikasema: "Mama, hakuna aliyeniamuru. Niliogopa, nikakimbilia kwa wakwe zangu Tezo. Ile karatasi niliitunga mwenyewe."

Kadzo, bintiye, akaacha kufagia.

"Hofu naijua," Mama Kadzo akasema. "Hata mimi naliogopa. Ungeniambia, ningekuja Tezo kwa magoti. Lakini wewe umenifanya nikutetee kwa uongo, mwaka hata mwaka. Mzee akirudi, utamwambia wewe. Mimi sitamwambia."

Nikasema sawa. Kisha, na hili naliandika kwa aibu, nikatazama saa, nikasema nina mteja ananisubiri, nikawasha pikipiki.

Nilikutana na mzee Kazungu karibu na barabara kuu. Alishuka kwenye baiskeli akiwa na changu mkubwa aliyefungwa kwa ukili. "Waenda bila kula? Haya, mpelekee mama watoto," akasema, akamtundika samaki kwenye usukani wangu kwa mkono wake. Nikamwambia ahsante. Nikatia gia, nikaenda zangu.

Nilifika Mambrui na samaki ananigonga goti. Muuza kahawa akanipungia mkono, akauliza, "Mgonjwa hajambo?" Hapo ndipo nilipogeuza pikipiki.

Saa saba mchana nilikuwa tena uani kwao. Nilisimama mbele ya mzee Kazungu nikamweleza yote, nikianzia na yule aliyekohoa hadi maboksi niliyoyatupa. Sikuketi. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akanyoosha mkono, nami nikampa samaki.

"Huyu nalimnunulia mtu mwingine," akasema, akaingia ndani.

Nilirudi Malindi na njaa yangu. Nimejifunza kwamba ugonjwa ulinitisha kweli, ila karatasi ile haikuandikwa na ugonjwa. Siku hizi duka lina funguo mbili, mmoja anao jirani yangu, na kila plasta kwenye friji ina namba ya simu ya mwenyewe. Insulini ya Mama Kadzo ninampelekea mimi kila mwezi. Huipokea mlangoni, hunishukuru kwa adabu, huniuliza hali ya watoto. Kiti hakitolewi tena, nami sijawahi kukiomba.