Swali la Karatasi ya Njano

Durban ninayoikumbuka mimi huanza na harufu ya farasi. Tuliishi Greyville, ghorofa ya tatu, katika jengo lililotazamana na uwanja wa mbio, na asubuhi upepo ukivuma kutoka huko ulituletea nyasi mbichi, samadi na jasho la wanyama, vyote vikachanganyika na moshi wa mandazi aliyokaanga Mama kabla hajaenda saluni kusuka watu. Majirani walilalamika. Baba alisema harufu ile ni manukato, maana yeye kwa miaka miwili alikuwa akirudi nyumbani akinuka rangi. Kule Bukavu alikuwa mwalimu wa biolojia wa sekondari. Durban alikoroga rangi katika kiwanda kimoja cha mtaa wa Jacobs, na kucha zake hazikutakata hata Jumapili. Kisha, mwaka uliofuata Kombe la Dunia, vuvuzela zikiwa zimebaki kwenye pembe za nyumba kama vyombo vilivyosahauliwa na wageni, akapata kazi nyingine. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Ninayoyasimulia yalitokea kati ya Pasaka na likizo ya baridi ya katikati ya mwaka huo.

Shirika dogo lililofundisha afya ya uzazi katika shule za mjini lilikuwa likitafuta mtu anayejua Kiswahili na Kifaransa, kwa sababu madarasa yalikuwa yamejaa watoto wa wakimbizi. Walimfundisha kazi kwa majuma matatu, wakampa begi jeusi lenye michoro ya mwili wa binadamu, pakiti za kondomu na kielelezo cha uume kilichochongwa kwa mti, ambacho Mama alikitazama mara moja tu, akakifunga kwa kitambaa cha meza na kukiweka juu kabisa ya kabati. Alisema begi lile lisiingie jikoni. Baba hakubishana naye. Alikuwa mtu wa maneno machache. Nyumbani hakuwahi kututajia kiungo chochote kilicho chini ya shingo na juu ya goti. Kwa hiyo ilitushangaza kusikia, kutoka kwa watoto wa jirani, kwamba darasani anaongea kama maji ya bomba, kwamba watoto wanacheka naye, na kwamba kila kipindi hukifungua kwa methali ya kwetu, mficha uchi hazai, akiitafsiri kwa Kiingereza chake cha Bukavu mpaka darasa zima linagonga madawati.

Aliyeumia kwa hayo ni dada yangu Neema. Yaya Neema, kama tulivyozoea kuwaita dada wakubwa kwetu, alikuwa na miaka kumi na saba, na shule yake ilikuwa mojawapo ya zile alizopangiwa Baba. Kila Alhamisi baba yake mzazi alisimama mbele ya wenzake na begi lile. Alimwomba Mama amshawishi Baba abadilishiwe shule. Baba akajibu kwamba kazi haichaguliwi kama embe sokoni, na kwamba darasani yeye si baba wa mtu. Neema alikuwa msichana wa kwaya, mwenye sauti nzito isiyolingana na umbo lake dogo, na ndiye aliyenifundisha kusoma. Herufi zangu zote nilizipata kwenye mkono wake. Mwandiko wake ulikuwa wa masista wa Bukavu, ule wa kuunganisha, wenye herufi g iliyoteremka ikajikunja kama mkia wa kinyonga. Shuleni kwao hakuna mwingine aliyeandika vile.

Mimi nami nilipewa kazi. Baba alikuwa na boksi la viatu alilolitoboa juu. Mwisho wa kila kipindi wanafunzi walitumbukiza humo maswali yasiyo na majina, naye aliwaambia boksi halina macho: hatamtafuta aliyeandika, hatauliza, na kila swali litajibiwa Alhamisi inayofuata. Kila wiki alikata karatasi za rangi tofauti ili maswali yasichanganyike. Jumamosi mchana, Mama akiwa saluni na Neema akiwa mazoezi ya kwaya, tuliyamwaga maswali mezani. Kizulu cha Baba kilikuwa cha kununulia mkate, na Kiingereza cha vijana wa mjini kilimpita pembeni, kwa hiyo mimi nilimsomea. Mama hakulijua hilo kwa muda mrefu. Niliyasoma kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani. Je, mtu akirukaruka baadaye hapati mimba? Je, mate yana virusi? Kwa nini rafiki yangu ana ndevu na mimi sina? Mengine sikuyaelewa, naye Baba alinieleza kwa sauti ileile aliyotumia kunieleza jinsi mmea unavyokunywa maji. Tukimaliza, alijizoeza majibu kwa Kiingereza huku mimi nikimsahihisha. Nikitazama nyuma naona hizo ndizo saa nyingi zaidi nilizowahi kukaa na baba yangu.

Jumamosi moja ya mwezi wa tano karatasi zilikuwa za njano. Baba aliinuka kwenda kuinjika chai, nami nikafunua iliyokuwa imekunjwa mara nne. Iliandikwa kwa Kiingereza: msichana ambaye siku zake zimechelewa miezi miwili, aanze kumwambia nani? Sikuwa na haja ya kusoma mara ya pili. Niliitazama ile g. Nakumbuka masikio yangu yalipata moto na mikono ikawa baridi. Sikuwaza mambo ya Neema, au ya mtoto, au ya kanisa ambako Baba alikuwa mzee wa kanisa na Mama kiongozi wa akina mama. Niliwaza jambo moja tu, kwamba Baba akirudi na chai ataiona. Nikaikunja tena, nikaisokomeza ndani ya soksi. Baba aliporudi nilimsomea swali la ndevu.

Alhamisi iliyofuata alijibu maswali yote ya njano isipokuwa hilo. Neema alirudi nyumbani jioni, akala kidogo, akaosha vyombo ambavyo havikuwa zamu yake. Usiku tulilala kitanda kimoja kama kawaida. Nilimsikia akigeuka, nikajifanya nimelala. Ilipofika Alhamisi ya pili, karatasi za kijani zikiwa zimejibiwa, alirudi akiwa ameacha kuimba. Yeye aliyeimba akiosha nywele, hata akipanga foleni, sasa alipita ndani ya nyumba kimya kama mgeni asiyejua choo kiko wapi. Mama alidhani ni malaria, akamnunulia dawa. Nami nilitembea na ile karatasi kutoka soksi hadi soksi. Waswahili husema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi niliyejua kilichokuwa ndani ya kimya kile nilishindwa kumwambia mtu, kwa sababu kusema kungekuwa kukiri kwamba nilisoma na nikaficha.

Jumamosi iliyofuata karatasi zilikuwa nyeupe. Baba alipokwenda kunawa mikono, niliichomeka ile ya njano katikati yake. Nilifikiri kitoto kwamba ataona ni swali lililochelewa tu. Aliketi, akaanza kuzigawa kwa mafungu, mkono wake ukafika kwenye njano ukasimama. Akaifungua mwenyewe. Uso wake haukubadilika. Kilichobadilika ni namna alivyopumua, kwa mdomo, kama mtu aliyepanda ngazi. Kisha akainusa ile karatasi, na nadhani alisikia harufu ya soksi, kwa maana alinitazama.

"Esta, hii imekaa wapi?"

Nilimwambia. Nilingoja anipige, ingawa hakuwa mtu wa kupiga.

"Karatasi ya mtu si yako," alisema. "Aliyeuliza anasubiri."

Hakusema jina. Nami sikulisema. Alichukua kalamu, akaandika jibu kwa Kifaransa, akalifuta, akaandika tena. Halafu akasimama karibu na dirisha, kama alivyofanya kila Jumamosi, akaanza kujizoeza kwa Kiingereza. Alisema kwamba msichana huyo aanze na mtu anayemwogopa kidogo kuliko wengine wote. Kama huyo si baba yake, asianze na baba yake. Kwamba kliniki ipo na haiulizi barua ya mzazi. Kwamba asikae na jambo hilo peke yake hata siku moja zaidi. Na kwamba baba, hata akikasirika, hasira ni kitu kinachopita, na yeye atabaki kuwa mtoto wake. Hapo alikosea kitenzi, nami nikamsahihisha. Akarudia. Alilirudia jibu zima mara tatu, na mara ya tatu halikuwa na kosa lolote.

Nimelitafakari jambo hilo miaka mingi. Angeweza kumwita Neema jioni ileile, nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili tu. Alikula naye Jumamosi, akaenda naye kanisani Jumapili, akamwuliza Jumanne kama ana nauli ya teksi, zile daladala za kule. Siku tano alimpitishia chumvi mezani. Kazi yake ilimwambia kwamba boksi halina macho, na yeye alikuwa amewaahidi watoto arobaini. Siwezi kusema kama ule ulikuwa uaminifu au woga. Huenda mtu anaweza kuwa na vyote viwili, akavivaa pamoja kama shati na koti.

Alhamisi alijibu. Neema aliniambia baadaye kwamba Baba hakumtazama hata mara moja. Alitazama ramani ya Afrika iliyokuwa kwenye ukuta wa nyuma. Kengele ilipolia, Neema hakuja nyumbani. Alipanda teksi hadi mjini, akaingia saluni alikofanya kazi Mama, akakaa kwenye kiti cha wateja mpaka mteja wa mwisho akaondoka. Mama alimwambia Baba siku hiyo hiyo jioni. Alituketisha wote, Neema akiwa ameinamisha kichwa, akasema kuna neno limeingia nyumbani. Baba alilisikiliza kama habari mpya. Aliuliza ni wiki ngapi, na kama ameona muuguzi. Hakupandisha sauti. Asubuhi alivaa tai yake ya darasani, akampeleka kliniki yeye mwenyewe, wakasimama pamoja kwenye foleni.

Kosa lake, kama lilikuwa kosa, ni kwamba baadaye alimwambia Mama ukweli. Nilikuwa jikoni nikichambua maharage. Mama aliuliza kwa sauti ndogo sana, "Siku tano unanitazama nikipika, na unajua?"

"Niliahidi darasa," Baba alisema.

"Na mimi, uliniahidi nini?"

Mama alimaliza wiki nzima akimpakulia Baba chakula bila kusema naye. Siku hizo tulijua kwamba mambo yataisha, kwa sababu aliendelea kumpakulia.

Kanisani hayakuisha upesi. Wazee wenzake Baba walikuja wanne, wakanywa chai, wakamshauri apumzike kidogo na uzee wa kanisa. Mmoja alisema, akitabasamu, mganga hajigangi. Baba alikubali kupumzika, na hakurudishwa tena. Alipeleka barua ya kuacha kazi, mkuu wake akairudisha, akampangia mwenzake darasa la Neema. Mama wa kijana aliyempa Neema mimba, mwanafunzi mwenzake, alikuja mara mbili akakaa kwenye kochi letu akilia. Kisha familia ile ikahamia Johannesburg. Neema alikwenda shule mpaka mwezi wa nane wa mimba, akajifungua msichana, akarudi darasani mwaka uliofuata, akamaliza. Baba alifundisha hadi shirika lilipokosa wafadhili na kufungwa, akarudi Jacobs, safari hii bohari, si rangi.

Nilipokua nilijifunza kwamba katika jambo kama lile wiki mbili si kitu kidogo. Kliniki ina milango inayofungwa kwa hesabu ya wiki za mimba. Nilipofikisha miaka ishirini na mitano nilimweleza Neema habari ya soksi. Alikuwa akipiga pasi. Aliendelea mpaka akamaliza kola. Akasema mtoto angemzaa vilevile, hilo alikuwa ameshaliamua kabla hajaandika, kwa hiyo nisijipe ukubwa nisiokuwa nao. Kisha akasema kwamba aliandika kwa mwandiko wake makusudi. Hakuweza kusema, akaandika. Na kwa wiki mbili zile aliamini kwamba baba yake ameusoma na ameuruka. "Hicho ndicho kilichoniuma," alisema, "kuliko kujifungua." Nilimwomba radhi. Alinipa. Lakini najua kwamba kuna wiki mbili katika maisha ya dada yangu ambazo mimi ndiye niliyeziandika, na hazifutiki.

Siku hizi Neema ni karani katika chuo kule Westville, na bintiye Amani ana miaka kumi na mitatu. Watoto wa sasa hawaandiki maswali. Wana simu, na simu inawajibu kabla hawajamaliza kuuliza, kweli na uongo kwa sauti moja. Sijui kama wanajua zaidi kuliko sisi. Najua wanauliza bila mikono kuwa baridi, na hiyo si faida ndogo. Mwezi uliopita Amani alileta fomu ya shule, mzazi atie sahihi ili mtoto afundishwe habari za mwili. Neema alitia sahihi akiwa amesimama. Baba, ambaye sasa anasoma kwa miwani na kwa kidole, aliichukua akaisoma pande zote mbili, akasema wamepanga vibaya. Huanzi na magonjwa. Unaanza na mwili, mtoto aujue na aupende, ndipo umwambie unavyoweza kuumia. Amani alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza, akauliza Babu ameyajulia wapi hayo. Mama aliendelea kupakua ugali. Baba alikunja fomu. Nilidhani tutanyamaza, kama tulivyozoea.

"Alikuwa mwalimu wangu," Neema alisema, akamsogezea baba yake sahani ya samaki.